Tangi Lisilo la Samaki

Mchoro ulikuwa umebadilika tena.

Jana yake Bi-yun aliuacha mezani, akaukandamiza kwa birika la chai usipeperushwe na feni. Ulikuwa mchoro wa tangi kubwa la samaki, la kujengewa ndani ya ukuta kati ya sebule na chumba cha kulala, urefu wake sentimita mia moja na hamsini. Asubuhi hii mwandiko uleule wa penseli ulisema mia moja sitini na mbili. Na karatasi ilikuwa na unyevu, kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka.

"Mzee, umeongeza tena?" alimwuliza mumewe.

Tien-fa alikuwa anakunywa uji wa mchele. "Wanataka nafasi."

"Akina nani? Hujanunua hata dagaa mmoja."

"Watakuja tu," akajibu, akatabasamu. Bi-yun alilijua tabasamu lile. Aliliona mara ya mwisho walipokuwa wachumba, miaka thelathini na minne iliyopita, na wakati ule lilikuwa lake yeye.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia.

Tien-fa alikuwa mwalimu wa hesabu pale Tainan. Tangu astaafu kazi yake ikawa kwenda kuvua kwenye bwawa la milimani. Siku moja alirudi bila samaki, amebeba mzizi mkubwa mweusi aliouopoa majini. Akausimamisha kwenye kona ya sebule, akasema utapendeza ndani ya tangi. Tangi gani, hakuna aliyejua. Usiku uleule alianza kuchora.

Fundi Hung alipokuja kutoboa ukuta, alimfuata Bi-yun jikoni, akanong'ona.

"Mama, mimi kujenga matangi ni kazi yangu ya miaka ishirini. Lakini mwezi huu wa saba wa kalenda ya jadi, milango ya wafu ikiwa wazi na mizimu ikizurura, watu hata kuogelea wanaogopa. Mume wako anataka maji yaingie kabla mwezi haujaisha. Na wewe nawe unataka tangi lisiwe na kifuniko!"

"Mimi?"

"Si ulinipigia juzi? Ukasema tuweke na ngazi mbili kwa ndani, za kukanyagia."

"Sijakupigia simu hata siku moja."

Fundi akajikuna kisogo. "Basi kuna mama mwingine humu. Maana aliniambia yeye ndiye mwenye nyumba. Sauti yake kama mtu anayesukutua."

Bi-yun uso ulimwaka moto. Kumbe ni mwanamke! Hakupiga kelele. Alimwacha fundi amalize kutoboa na aende zake kula, kisha akabaki jikoni akikata mboga, masikio yote sebuleni.

Ilikuwa saa sita mchana. Kichochoro kilikuwa kimya, majirani wamejifungia na viyoyozi vyao. Ndipo akaisikia sauti ya mumewe, ya chini, ya kubembeleza.

"Nyoosha miguu... Hivyo hivyo. Kichwa hakigongi?"

Anaongea naye kwenye simu, mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu! Bi-yun alivua kandambili, akanyata hadi mlangoni, na alipoinua mkono kuusukuma mlango kitu kigumu kilimgonga pajani, ndani ya mfuko wa aproni. Ilikuwa simu ya Tien-fa. Alikuwa ameichukua tangu asubuhi ili atafute jina la mwanamke, na hakulipata.

Akasukuma mlango, akamwona mumewe amepiga magoti, ameinyoosha tepu ya kupimia juu ya sakafu tupu, na pale palipopita tepu palikuwa na maji, maji yaliyochora umbo la mtu aliyelala chali, nywele zimetawanyika kama magugu, na Bi-yun akiwa bado anatazama, umbo lile likajivuta lenyewe, likageuka nyayo, moja, halafu nyingine, zikaelekea kwenye lile tundu la ukutani, na harufu ya tope la chini ya bwawa ikamjaa puani na kooni, na huko ng'ambo ya ukuta, chumbani kwao, kitanda kikalia kama kinavyolia mtu akikikalia.

"Usimpigie kelele," Tien-fa akasema bila kugeuka. "Ana baridi."

Jioni ileile Bi-yun alimleta Shangazi Lai, mwuza tofu wa sokoni ambaye pia ndiye mganga wa hekalu la mtaa. Mganga aliugusa ule mzizi kwa kidole kimoja, akakirudisha upesi.

"Mfa maji haachi kutapatapa," alisema, "hata akishakufa. Huyu mwanamke amenasa kwenye mzizi huu miaka mingi, na hawezi kutoka majini mpaka apate wa kukaa mahali pake. Mumeo anamjengea maji ndani ya nyumba. Tangi likishajaa, mumeo atapanda zile ngazi kwa miguu yake mwenyewe."

"Mfukuze, Shangazi!"

"Nimfukuze aende wapi? Hana kwao, hana wa kumchomea ubani. Tumpe nyumba ya karatasi, tuichome imfikie huko aliko, huenda akatulia."

Siku ya tatu, jua lingali juu, walisimama kwenye uwanja wa hekalu. Nyumba ya karatasi ilikuwa nzuri: madirisha, taa, viatu, na kitanda chenye shuka nyekundu. Mzizi waliulaza mbele yake.

"Mwambie kwa kinywa chako," Shangazi Lai alimwamuru Tien-fa.

"Siwezi. Amekaa peke yake muda mrefu mno."

"Na mimi?" Bi-yun alisema. "Nani aliyekuuguza ulipopasuliwa tumbo? Nani aliyemzika mama yako? Mwambie, Tien-fa, la sivyo leo utaondoka naye, wala sitakufuata."

Mzee yule alilia kama mtoto. "Sikujengei tena," akasema hatimaye. "Nyumba yako ni hii. Mimi nina mke."

Shangazi Lai alirusha vibao viwili vya kuulizia mizimu, mara tatu. Mara zote tatu jibu likawa ndiyo, amekubali. Moto ukawashwa. Mzizi ulitokwa na maji ndoo kwa ndoo, ukazomea, kisha ukashika. Nyumba ikateketea kwa mwali mmoja.

Bi-yun alishusha pumzi. Shangazi Lai alikuwa anachokoa majivu kwa fimbo ya chuma, akasita.

Katikati ya majivu kilikuwako kitanda cha karatasi, kizima, shuka yake nyekundu imelowa.

"Nyumba ameipokea," mganga akasema polepole. "Kitanda amekikataa."

"Kwa nini?"

"Mmemtengenezea cha mtu mmoja."

Bi-yun aliukamata mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili. Tien-fa hata hakuhisi. Alikuwa anakitazama kile kitanda kidogo, macho yamemjaa huruma.