Gauni Lisilofuliwa

Jua lilikuwa linaaga wakati Dobi alipoanua nguo za mwisho kambani, akajifunga khanga kichwani, akaenda kuchukua paka.

Ofisi ya vifurushi ilikuwa mwisho wa barabara, kachumba kenye dirisha la nondo na taa moja inayokonyeza kama mlevi. Karani alikuwa amesimama nje, funguo mkononi, kama mtu aliyefukuzwa na moshi.

"Wewe ndiye mwenye boksi la matundu?"

Dobi akasema ndiye.

"Ingia ulichukue mwenyewe."

Karani yule kwa kawaida alikuwa na mdomo. Mzigo haukupita mikononi mwake bila kuuliza una nini, umetoka kwa nani, na mbona mdogo hivyo. Jioni hiyo hakuuliza kitu. Alieleza tu, macho pembeni, kwamba hakumwona aliyelileta. Alifungua asubuhi akalikuta juu ya meza, na kufuli lilikuwa zima. Mchana kutwa halikulia, halikukwaruza.

"Lakini linapumua," akanong'ona. "Nikilisogelea... linanyamaza."

Dobi aliliinua. Jepesi kama kapu tupu. Akajiambia ni kapaka kadogo. Harufu ikamjia puani, na haikuwa ya paka. Ilikuwa ya tambara lililosahauliwa bichi ndani ya ndoo. Kwa dobi harufu hiyo haitishi, ni harufu ya uvivu wa mtu. Akaliweka boksi kiunoni, akaenda zake.

Sasa mtu asimcheke mapema. Dobi hakuwa mwanamke wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Matapeli wa simu aliwajua vizuri. Jirani yake kinyozi aliagiza kasuku anayeongea, akatuma nauli ya kasuku, akatuma ya chanjo ya kasuku, akatuma na ya kibali, na mpaka leo anayeongea kwenye kile kibanda ni kinyozi peke yake. Kwa hiyo Dobi alijiwekea kanuni: sitoi hata senti kabla sijamshika mnyama kwa mikono yangu. Kanuni nzuri. Ila kanuni moja ni kama kiatu kimoja, mguu wa pili unabaki kuchomwa na miiba.

Dobi alimhitaji paka. Panya walikuwa wamemtafunia mteja suruali mahali pa kukalia, na mteja mwenyewe alikuwa mtu wa heshima zake. Halafu kulikuwa na binti yake. Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa sababu tangu anapofumbua macho mpaka anapolala mdomo haupumziki. Mama kwa nini mvua haina rangi, mama kwa nini kinyozi ana upara, mama tazama. Siku alipomwona paka yule kwenye simu, mweupe, jicho moja la buluu na jingine la rangi ya asali, hakula vizuri mpaka mama yake alipomwandikia muuzaji.

Dobi aliomba kwenda kumwona paka. Muuzaji akasema ni mbali. Akauliza mbali wapi. Akasema mbali. Akaomba basi aonyeshwe kwa video akitembea. Akajibiwa kwamba paka huyo hapendi kutazamwa. Kila alipodai picha nyingine ilikuja ileile, mguu mmoja umeinuliwa vilevile. Hapo mwenye akili zake angezima simu. Lakini muuzaji hakutaja pesa hata mara moja. Utalipa mtoto akiridhika, aliandika, na Dobi akaona kanuni yake imetimia.

Aliombwa kitu kimoja tu. Nguo ya mtoto. Iliyovaliwa, isiyofuliwa, ili paka aizoee harufu ya mwenyewe kabla ya kufika.

Dobi aliona haya. Nguo chafu kutoka nyumbani kwa dobi ni kama chakula kibichi kutoka kwa mpishi. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, mwisho akalikunja gauni la njano ambalo Chiriku alikuwa akilalia, akalituma hivyohivyo na jasho lake. Tapeli akikuomba pesa, mshukuru, maana amekuonyesha anachotaka.

Nyumbani walikuwa wakimsubiri. Chiriku alishika kisahani cha maziwa kwa mikono miwili. Karibu yake alikaa wifi yake Dobi, dada wa mume, msusi mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa malori, alirudi nyumbani akiikumbuka njia. Dobi akakata gundi, akafungua boksi.

Gauni la njano. Limekunjwa vizuri. Basi.

Hapakuwa na paka, wala unyoya wa paka.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema ameona waliotapeliwa pesa, ameona waliotapeliwa viwanja, lakini kutapeliwa bure ndiyo anaiona leo, na kwamba angekuwa yeye ndiye tapeli angeona aibu kwa niaba ya wifi yake. Dobi akamwambia afunge hicho kinywa kabla nzi hawajapata makazi.

Chiriku hakucheka wala hakulia. Alipiga magoti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya boksi, akainua... hewa. Akaipakata.

"Kumbe ana baridi," akasema.

Mkono wake ukaanza kupapasa. Taratibu. Kichwa, mgongo, mkia.

Wifi akasema afadhali paka huyo, hali wala haachi uchafu. Kabla hajamaliza wote wakasikia.

Krrr... krrr... krrr...

Wifi akasema ni jenereta ya jirani. Dobi akasema ndiyo, ni jenereta. Mtu anayetaka kulala ataamini lolote.

Panya waliondoka. Walitoka mchana kweupe, wakubwa kwa wadogo, wakivuka uwanja bila kumjali mtu. Hilo lilikuwa jema. Lakini Chiriku naye alianza kupungua. Kwanza aliacha kuimba. Halafu akaacha kuuliza. Halafu akawa anajibu kwa kichwa. Alikula, na bado mashavu yalizama. Jioni alikaa karibu na boksi, mkono wake ukipapasa mapajani, na ukitaka kulisogeza boksi lile alikuangalia kwa namna ambayo mtoto hamwangalii mama yake. Wifi alisema mtoto anakua, na hatimaye masikio ya watu yatapumzika. Alilisema hilo akicheka. Kesho yake akalisema bila kucheka.

Dobi aliupata ukweli kwenye beseni.

Dobi humsoma mtu kwenye nguo zake. Alijua nani ameanza ulevi kabla mke hajajua, na nani ana mimba kabla mwenyewe hajajua. Alasiri hiyo aliichukua sketi ya Chiriku, aliyoshinda nayo juani siku nzima, akaipeleka puani kabla ya kuiloweka.

Haikunuka kitu.

Si jasho, si vumbi, si mafuta ya nywele. Ilikuwa kama kitambaa kilichoshuka dukani. Akachukua blauzi ya jana. Vilevile. Akachukua shuka la mtoto, akalifunua lote, akilinusa upande huu na upande ule kama mbwa... hakuna. Kana kwamba nyumba ile haikuwa na mtoto.

Akaingia chumbani. Hakuhitaji kuinama. Kabla hajafika kwenye boksi harufu ilimpiga usoni. Jasho la shingoni, mafuta ya nywele, pumzi ya asubuhi. Chiriku mzima alikuwa ndani ya lile gauni la njano.

Simu ikaita.

Nje jua lilikuwa linazama. Sauti ilikuwa ya kiume, laini, ya mtu asiye na haraka.

"Mama, mtoto ameridhika?"

Dobi akauliza paka yuko wapi. Sauti ikasema mtoto anaye. Dobi akasema basi aambiwe anadaiwa nini, alipe, yaishe.

"Tulikubaliana utalipa akiridhika. Hukuuliza utalipa nini. Ukisema ndiyo tu, nakuja kuchukua. Nitapiga tena baada ya muda mfupi."

Mikono ya dobi ikiogopa, inafua. Hiyo ndiyo kazi inayoijua. Dobi alilikwapua gauni kwenye boksi, akatoka nalo uani akikimbia, akalizamisha kwenye maji ya sabuni, akalifikicha kama anayeua nyoka. Alijiambia uchawi ni uchafu, na uchafu una dawa yake.

Mfikicho wa kwanza, ndani Chiriku akaguna.

Mwingine... akalia. Kilio kirefu, chembamba, kisha kikakatika.

Akaongeza sabuni. Wifi akatokea mlangoni, midomo imemkauka.

"Wifi, njoo. Mtoto ananiuliza mimi ni nani."

Dobi akasimamisha mikono. Povu halikusimama. Lilikuwa likichemka polepole, bila moto, na kila tone lililopasuka lilitoa kasauti. Akainamisha sikio.

Mama kwa nini... mama tazama... mama kwa nini...

Alikuwa anamfua mwanawe. Alikuwa anamtoa kwenye gauni kama doa.

Hakulikamua. Alilinyanyua likichuruzika, akakimbia nalo ndani. Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, macho meupe kama sahani zilizooshwa, mkono ukipapasa mapajani. Dobi alimvika lile gauni bichi juu ya nguo alizovaa, akalivuta mpaka magotini, akamkumbatia nalo. Povu likamwingia mtoto machoni. Akapiga chafya.

Kitu kikaanguka kutoka mapajani mwake.

Puu. Kidogo tu. Halafu kucha juu ya saruji, tik tik tik, zikapita katikati ya miguu ya Wifi, ambaye aliinua unyayo bila kuona alichokikwepa, zikatoka uani.

Wakasikia ulimi.

Mlap... mlap... mlap...

Hakuna aliyethubutu kwenda kutazama. Kilikunywa kwa muda mrefu, kama mnyama aliyevuka jangwa. Kilipoacha, Dobi akachungulia. Beseni lilikuwa kavu, halina hata povu ukingoni.

Akarudi akamnusa mtoto shingoni. Jasho. La Chiriku, dogo, hafifu, lakini lipo. Akamuuliza kama anamjua. Mtoto akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akamwonyesha shangazi yake. Ndiyo. Akamwomba aseme neno moja tu, lolote. Chiriku akafungua kinywa, akasubiri, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta umetoboka. Akafunga.

Simu ikaita tena.

"Ameridhika?"

"Hajaridhika," Dobi akasema. "Simtaki paka wako. Njoo uchukue mzigo wako."

Upande wa pili wa simu maji yalikuwa yanadondoka mahali.

"Nipo mlangoni."

Kweli, hodi ikabishwa. Wifi akajibana pembeni, akaomba kwa ishara asifungue. Dobi akalichukua boksi, akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akalisukuma nje. Giza lilikuwa limeshashika, hakumwona mtu. Aliona mkono. Vidole vyeupe, vimesinyaa, ngozi imejikunja kama iliyolowekwa tangu asubuhi. Mkono wa dobi. Ulikuwa kama wake, mpaka kucha zilizoliwa na sabuni.

Mkono ukalipima boksi, juu, chini.

"Halina kitu hili."

"Lilikuja halina kitu," Dobi akasema. "Hatudaiani."

Mwenye mkono akavuta pumzi ndefu. Harufu ya tambara bichi ikaingia ndani yote.

"Basi nitamwuliza paka," akasema, akaondoka. Hatua zake zilisikika mpaka mwisho wa uchochoro, chwap, chwap, kama za mtu aliyevaa viatu vilivyojaa maji.

Walikaa ndani kesho yake yote. Chiriku alikula uji, akaongeza, rangi ikaanza kurudi mashavuni. Dobi hakumvua lile gauni, wala hakuruhusu sabuni ikaribie nguo yoyote ya mtoto. Wifi alijitahidi kumchekesha. Alimsuka, akamwimbia nyimbo za ovyo zilizokuwa zikimfanya mtoto aviringike chini, akamtania kinyozi na kasuku wake wa hewani. Mtoto alitazama tu. Mwisho Wifi akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo. Alikuwa amelalamikia kelele za mtoto yule miaka yote, na sasa hakujua afanye nini na masikio yake.

Jioni ikaingia. Mlango ukakwaruzwa.

Tik... tik...

Halafu kicheko. Chembamba, cha kukatakata, kile cha Chiriku akiwa ameficha kitu mgongoni.

"Mama. Mama, kwa nini mmefunga? Shangazi, fungua nikwambie kitu. Shangazi, tazama nimeokota nini. Shangazi, kwa nini hunifungulii, mimi si Chiriku wako?"

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni kabla Dobi hajanyanyuka. Machozi yalimtoka hata hayafuti. Kidole kilikuwa juu ya komeo, na Dobi alimwona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyerudishiwa chake.

Kimkono kidogo kikamshika sketi.

Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake, gauni la njano limemkauka mwilini. Alifungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, si ya mtoto.

"Usimfungulie, shangazi. Bado hajashiba."

Nje, kicheko kikakatika.

Walisimama hivyo. Kucha zikaondoka mlangoni, zikapita chini ya dirisha, zikaenda. Halafu wakaisikia sauti ileile, ya furaha, ikibisha hodi nyumba ya pili, ikiwaita watoto wa pale, mmoja baada ya mwingine.

Na wakasikia komeo la nyumba ya pili likivutwa.