Nyamoita na Chemchemi ya Kimasat

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyamoita alichukua mtungi wake wa manjano akateremka chemchemini. Njia ilikuwa na utelezi mwaka mzima, kwa maana huko Kimasat ukungu huondoka wakati wa chai ya saa nne na kurudi kabla vikombe havijaoshwa. Ukifika chini, sharti uwangoje ng'ombe wamalize kunywa. Kisha unasukuma majani kando kwa kiganja, unachota polepole usije ukatibua matope, na kupanda kilima ukihema.

Kimasat ni kijiji ambacho hata ramani ya darasani haikijui. Kimejibanza kati ya msitu na mashamba ya majani chai, na bodaboda huishia kwenye daraja la magogo. Kuanzia hapo kila mtu na miguu yake. Wazee wake walitoka Kisii zamani, wakanunua vipande vya ardhi, wakapanda chai na ndizi, wakazaa na kuzeeka papo hapo. Hakuna mwandishi aliyewahi kufika kuandika habari zao, na wenyewe hawakuona kasoro yoyote katika hilo. Aliyeona kasoro ni Nyamoita peke yake.

Shuleni, rafiki yake alikuwa Charity, aliyeishi Litein katika nyumba yenye mfereji jikoni. Siku moja Charity alimuuliza, "Kwenu mnatoa maji wapi?"

"Tuko na mfereji pia," Nyamoita akajibu. Uongo huo ulimtoka kama chafya, naye hakuufikiria tena. Nani angepanda hadi Kimasat kuuhakikisha?

Lakini za mwizi ni arubaini. Jumamosi moja watu wazima wakiwa wamekwenda kuchuma chai, wageni wawili walitokea kwenye ua, viatu vimejaa tope. Mmoja alikuwa Bi. Jecinta, afisa wa afya. Wa pili alikuwa binti yake, Charity!

"Kumbe ni kwenu!" Charity akasema kwa furaha. Nyamoita alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bi. Jecinta alieleza kwamba anazunguka vijijini kuchagua chemchemi za kujengewa kwa saruji na kutiwa bomba, ili watu wapate maji safi. Aliyekuwa nyumbani ni Nyanchoka, nyanyake Nyamoita, ambaye Kiswahili chake kiliishia sokoni, kwenye "pesa ngapi" na "punguza kidogo."

"Basi utatusaidia kutafsiri," Bi. Jecinta alimwambia Nyamoita. "Muulize shosho maji ya kunywa wanatoa wapi."

Nyamoita aliuliza. Nyanyake alijibu kwa Ekegusii, kwa kirefu na kwa uchungu. Alisema kwamba wanakunywa mahali pamoja na ng'ombe. Mvua ikinyesha, samadi yote huteremka chemchemini. Alimwonyesha kwa kidole Zack, ndugu mdogo wa Nyamoita, aliyejilaza juu ya gunia tumbo likimsokota, akasema watoto wa kijiji kizima huugua hivyo.

"Anasemaje?" Bi. Jecinta akauliza.

Charity alikuwa akimtazama, huku akitafuta kwa macho ule mfereji. Uso wa Nyamoita ukawaka moto.

"Anasema... tunatumia maji ya tangi la kanisa. Mfereji umeharibika juzi tu. Ile chemchemi ni ya ng'ombe."

"Na huyu mtoto?"

"Amekula ndizi mbichi."

Nyanyake alisikia neno "maji" akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa alimwamini mjukuu wake. Bi. Jecinta aliomba kuonyeshwa tangi. Nyamoita akampeleka kanisani, na kweli tangi lilikuwepo, ingawa lilikuwa na ufa na halikuwa na tone la maji tangu mwaka uliopita. Hilo hakulisema, na mgeni hakupanda kuchungulia.

"Heri ninyi," Bi. Jecinta alisema. "Saruji tutawapelekea wenye shida zaidi."

Jioni, Nyanchoka alitangaza habari kijijini kote: mama wa afya amefika na amesikia kila kitu! Asubuhi ya Jumatatu watu walitoka kwa kazi ya pamoja, ile wanayoiita risaga. Wanaume walibeba mawe kutoka mtoni. Wanawake walibeba mchanga kwenye makapu ya kuchumia chai. Mzee Mosoti, ambaye mgongo wake haukunyooka tena, aliketi chini na nyundo akawa anapasua kokoto. Walitaka saruji ikifika ikute kila kitu tayari.

Nyamoita alipopita na mtungi wake, walimshangilia.

"Huyo ndiye mdomo wetu!" Mzee Mosoti alisema. "Mungu akubariki, mama. Wajukuu wangu hawataumwa tumbo tena."

Mama mmoja alimpa mahindi ya kuchoma, yakamshinda kumeza. Kila siku lundo la mawe lilizidi kukua, naye alizidi kusinyaa. Akaanza kwenda chemchemini alfajiri ili asikutane na mtu. Hata huko aliyakuta mawe yakimngoja. Aliona aibu iliyomkaa mwilini, aibu ya kuwala watu jasho lao. Ile ya mfereji aliiona sasa kuwa mchezo wa watoto.

Kisha Zack akazidiwa. Nyanyake alimbeba mgongoni hadi kwenye zahanati, na waliporudi alimpangusa mtoto jasho akasema, "Vumilia, baba. Saruji iko njiani."

Nyamoita akashindwa kujizuia. Alipiga magoti akalia. "Magokoro, nyanya yangu, hakuna saruji! Sikumwambia yule mama uliyoyasema. Nilimwambia tuna maji."

Nyanyake aliacha kumpangusa Zack. "Kwa nini?"

"Niliona haya. Charity alikuwa ananiangalia."

"Hukuwaonea haya hao wabeba mawe, eh?" nyanyake alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilimchoma Nyamoita kuliko fimbo. "Kesho utakwenda kwa yule mama. Uliyeyafunga maneno ndiwe utakayeyafungua."

Kesho yake, baada ya masomo, Nyamoita alifuatana na Charity hadi kwao. Alisimama mlangoni, akasema yote: tangi lenye ufa, mfereji usiokuwepo, ndizi mbichi za kusingizia. Hakuthubutu kumtazama rafiki yake.

"Ungeniambia tu," Charity alisema. "Hata sisi tulikuwa tunateka mtoni tukikaa kwa guka, babu yangu. Ulidhani ningekucheka?" Sauti yake ilionyesha kwamba ameumia.

Bi. Jecinta alishika kichwa. "Na mimi nina makosa. Ningeshuka nikaione hiyo chemchemi kwa macho yangu."

Jumamosi alishuka. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika, na Nyanchoka alikuwa ameshawaambia ukweli. Aliyatazama yale maji, akayatazama mawe na mchanga, akatikisa kichwa.

"Saruji iliyokuwepo tumeshaipeleka Mulot," alisema. "Lakini kijiji kilichojitayarisha hivi sijakiona. Ikija nyingine mwezi ujao, ninyi ndio wa kwanza. Kwa sasa chemsheni maji yote ya kunywa."

Nyamoita alitafsiri. Watu waliguna, maana kungoja kunauma, na wengine walimtazama kwa jicho kali. Ndipo Nyanchoka akasimama mbele yao.

"Tafsiri," alimwambia mjukuu wake, "na leo usiruke hata neno."

Kisha akazungumza kwa Ekegusii, na Nyamoita akamfuata neno kwa neno.

"Anasema mjukuu wake aliona haya kwa ajili ya kijiji chetu," alianza, machozi yakimtiririka. "Anasema kunywa maji machafu kwa kukosa mengine si aibu. Aibu ni kumwambia anayetaka kukusaidia kwamba huna shida. Anasema... mficha uchi hazai. Tukificha mahali panapouma, daktari atatibu wapi?"

"Ni kweli kabisa," Bi. Jecinta alisema.

Nyanyake aliongeza maneno machache, akamwekea mkono begani. Safari hii Nyamoita hakutafsiri, akafuta uso kwa kiganja.

"Amesema nini?" Charity akanong'ona.

"Amesema," Nyamoita akajibu, "mimi bado ni mdomo wao."