Kibarua Anayeimba

Triza Nangila alipiga ukemi katikati ya chumba cha sanamu, na akina mama wa kanisa aliokuja nao kutoka mtaa wa Lucky Summer wakaacha kucheka. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, 1996, na kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuingia jumba la taifa la sanaa za kisasa.

"Huyu ni Mulongo! Huyu ni bwanangu!"

Mbele yake palikuwa na sanamu ya plasta nyeupe: kichwa, mabega, mikono imekunjwa kifuani. Macho yalikuwa yamefumbwa, mdomo umeachama. Kibao kilisema: *Kibarua Anayeimba*. Kovu la nyusi ya kushoto lilikuwa lile lile alilolijua Triza.

Inspekta Sylvance Otiende alifika akiwa amenuna. Kesi ya Mulongo ilikuwa yake, na kwake ilikuwa imekwisha. Mulongo alitoweka Mei, siku chache baada ya kugombana na jirani yake Masinde. Otiende alimtia Masinde ndani, akamchapa hadi sikio moja likafa, kisha akamwachilia kwa kukosa ushahidi. Mnyonge hana haki, na Otiende hakuwahi kukosa usingizi kwa hilo.

"Bwanako alikuwa mwimbaji, mama?"

"Hakuimba hata kanisani, afande. Alikuwa na haya sana." Triza alijifuta uso kwa leso. "Mimi sitaki mengi. Nataka mwili. Wakwe zangu kule Webuye wanasema nilimfukuza. Bila mwili hakuna matanga, na bila matanga mimi si mjane, ni mke mbaya tu."

Otiende aliitazama sanamu, kisha akazitazama nyingine sita za msanii yule yule, Dan Kweyu wa mtaa wa Fedha. Zote zilikuwa zimefunga midomo. Na kwenye kila pua palikuwa na alama mbili za duara.

"Hizi ni nini?" alimuuliza mlinzi.

"Mirija, afande. Watu wanapakwa plasta wakiwa hai ili kupata kalibu ya sanamu, wanapumua kwa mirija. Msanii haondoi alama, anasema ndiyo sahihi yake."

Pua ya Mulongo haikuwa na alama yoyote.

Kabla ya kwenda Fedha, Otiende alipitia kwa Masinde. Masinde alimgeuzia sikio zima.

"Si nilikushow, afande? Mulongo alisema amepata kibarua Fedha, kulala tu na kulipwa. Tukamcheka. Nilikwambia hivyo, ukanizaba."

Ni kweli alikuwa amemwambia. Otiende aliona aibu, akaondoka bila kuaga.

Kweyu aliwapokea Otiende na askari wake kwa adabu, akawatengea viti katikati ya makarai na mifuko ya plasta.

"Mulongo namkumbuka. Alilala, nikampaka, plasta ikakauka, akanawa akaenda zake. Wote huenda zao."

"Mbona mdomo wake uko wazi?"

"Nilimwambia aimbe."

Otiende alivua koti, akachota plasta kwenye karai. "Basi lala hapo nikupake. Uimbe."

Kweyu akacheka. "Huwezi kuimba, afande. Plasta itakujaa mdomoni. Mtu hufunga mdomo, anapumua kwa mi..."

Njia ya mwongo ni fupi.

"Malizia," Otiende alisema. "Anapumua kwa mirija. Kwa hiyo anayefungua mdomo chini ya plasta ni yule ambaye pua yake haipati hewa. Mirija ya Mulongo iliondolewa na nani?"

Kweyu alisema kwa hasira.

"Miaka minne jumba lilinirudishia kazi zangu! Kila uso niliopeleka, wanasema umelala, hauna uhai. Siku ile plasta ya mikono ilikuwa imeshakauka, hakuweza kuinuka, ya uso bado mbichi. Nikachomoa mirija. Na uso ukaja, afande! Umeuona mwenyewe. Baada yake ndipo wakazipokea na zile sita. Watu wanasimama mbele yake wanalia."

"Mwili uko wapi?"

"Nilimfunga pamoja na taka za plasta. Lori la taka likamwaga kwenye dampo la Dandora."

Askari walichimbua dampo hadi wakachoka. Tangu Mei taka zilikuwa zimechomwa na kusukumwa na tingatinga. Walipata mizoga ya mbwa na viatu visivyo na wenyewe.

Triza alikuja kituoni na shangazi ya Mulongo. Sanamu ilikuwa mezani kwa Otiende, imefungwa kikaratasi shingoni.

"Nipe huyu basi, nikamzike."

"Ni kielelezo cha mahakama, mama. Na kesi ikiisha, jumba linamtaka. Walishanunua."

"Wamemnunua bwanangu." Triza aliitazama sanamu kwa muda mrefu. "Basi niacheni nimfunge mdomo. Kwetu maiti haiachwi hivi."

Aliweka kiganja chini ya kidevu, akasukuma juu kwa upole, huku akimwita kwa jina. Kisha akatia mikono yote miwili, akasukuma kwa nguvu zake zote hadi plasta ikamchubua ngozi. Shangazi akageukia ukutani akaanza kulia. Mdomo ulibaki wazi.

Otiende alitaka kumwambia pole, kwa ajili ya Mulongo na kwa ajili ya Masinde pia.

"Mama," alisema, "usije ukavunja kielelezo."