Jalada la Twaiba

Tangu Mwalimu Caroline aanze kuwafundisha kusoma picha, Twaiba hakuwa na raha na kitu chochote chenye picha. Asubuhi, akisha kufagia uwanja na kumwamkia baba yake, alikuwa akiketi na chai yake mbele ya karatasi ya mkate na kuikodolea macho mpaka chai ikapoa. Kwa nini mwanamke aliyechorwa pale anacheka? Kwa nini mtoto amewekwa nyuma yake, na mkate ndio uliowekwa mbele? Mama yake, Esha, alimwambia kwamba mkate huliwa, hausomwi. Twaiba alicheka, akavaa mtandio wake mweupe, akashika njia ya shule.

Nyumba yao ilikuwa Msambweni, si mbali na barabara kuu, ambako baba yake, Suleiman, alikuwa na duka dogo la vipuri vya baiskeli. Suleiman hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata hivyo, mwaka uliopita alisimama katika mkutano wa wazazi akasema waziwazi kwamba mtoto wa kike asitolewe darasani kwenda kuozwa, na kwamba atakayethubutu, yeye mwenyewe atampeleka kwa chifu. Wapo walionuna. Waliofurahi walikuwa wengi zaidi, wakamchagua aingie katika bodi ya shule. Twaiba alijivunia jambo hilo kuliko alama zake zote.

Mwalimu Caroline alitoka bara, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinajifunza kutembea polepole kama cha wenyeji. Lakini kwa picha hakuwa na mpinzani. Muhula huo aliwaletea majalada ya albamu za muziki, ya zamani na ya sasa, akayabandika ubaoni. Aliwafundisha kuliuliza kila jalada maswali matatu. Jicho linaanzia wapi? Vitu vilivyomo vinamwambia nini mtazamaji? Na ni kitu gani kimeachwa nje?

Kulikuwa na jalada la santuri lenye wanaume watano wenye suruali pana, wamelizunguka gari jekundu. Lennox, ambaye mama yake ni mpishi katika hoteli moja ya Galu, alisema gari lile si lao, kwa sababu wote wanaligusa kwa ncha za vidole kama watu walioonywa wasilikwaruze. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema Lennox ameona vyema: jalada lile halikudai kwamba gari ni lao, lilimwacha mtazamaji aamini mwenyewe.

Jalada lililomteka Twaiba lilikuwa jingine. Mwimbaji kijana alikuwa ameufunika uso kwa mikono miwili iliyochorwa maua meusi, na katikati ya vidole lilionekana jicho moja tu. Twaiba alilitazama mpaka kengele ikalia, na alipofika nyumbani alikuwa bado analitazama moyoni.

Baadaye wakagawiwa kazi. Kila kundi la watu watatu litunge wimbo, liurekodi kwa video, kisha liutengenezee jalada. Yote yangeonyeshwa Ijumaa mbele ya wazazi. Mwalimu Caroline aliweka masharti mawili: wamletee kwanza mchoro wa jalada kabla ya kupiga picha, na picha yoyote isitoke nje ya darasa kabla yeye hajaiona. Twaiba aliungana na Lennox, mwenye simu nzuri ya mama yake, na Mwero, aliyeweza kupiga ngoma hata juu ya dawati. Wimbo aliutunga Twaiba mwenyewe, akauita “Daftari Langu”. Ulimhusu msichana anayelitunza daftari lake kwa sababu ndilo litakalomfikisha anakotaka.

Mchoro hawakuupeleka. Twaiba alisema mchoro ungeharibu ladha, mwalimu aone jambo lililokwisha kuiva. Jumamosi asubuhi alikwenda kwa shangazi yake, Ummi, dada wa baba yake na fundi wa hina anayejulikana mpaka Kikoneni. Alimwomba amchore mikono yote miwili, kwa hina na piko, ile rangi nyeusi isiyotoka upesi, kutoka ncha za vidole hadi kiwikoni.

Shangazi Ummi aliuweka chini ungo wake wa mchele.

“Hayo ni mapambo ya biarusi, mwanangu. Mtoto huchorwa ua moja kiganjani siku ya Idi, basi. Ni nani aliyekutuma?”

Hapo Twaiba angeweza kusema kweli, na hadithi hii ingeishia kwenye ungo wa mchele. Lakini alilitaka jalada lake.

“Mwalimu Caroline ndiye aliyetaka, shangazi. Ni kazi ya shule.”

Shangazi alisita. Hakupenda, ila mwalimu ni mzazi wa pili, na yeye hakuwa mtu wa kushindana na shule. Akakoroga hina, akatoa piko, akachora mpaka adhuhuri. Maua yalipanda mkononi mwa Twaiba, yakajikunja, yakashikana majani, hata Shangazi mwenyewe akasahau mashaka yake akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Kazi ilipokauka alimwazima na mtandio wa kijani wenye nakshi za dhahabu. Twaiba alilala huko huko hadi Jumatatu asubuhi, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeiona mikono ile.

Lennox alipiga picha Jumapili, mbele ya pazia jekundu la Shangazi. Twaiba aliufunika uso kwa mikono yake, akaacha jicho moja lichungulie. Juu ya picha waliandika kwa herufi za dhahabu: TWAIBA. Chini yake: IJUMAA HII. Jina la wimbo waliliacha, maana Lennox alisema mastaa wakubwa hawajielezi.

“Hii imeweza,” alisema Lennox. “Wacha niirushe stetasi, watu wangoje Ijumaa.”

Mwero aliuliza kama mwalimu hakukataza. Lennox akamjibu kwamba stetasi hudumu siku moja tu, nani ataiona? Twaiba hakumzuia. Alitaka ionekane, tena na watu wengi.

Basi ikaonekana. Jumatatu, kabla jua halijapanda, picha ilikuwa imeshafika Galu, kwa wenzake mama Lennox hotelini, na kurudi Msambweni kwa simu thelathini. Mteja mmoja alipokuja kununua mnyororo wa baiskeli alimpa Suleiman mkono wa hongera, akalalamika kwa upole kwamba hakualikwa. Suleiman alidhani anataniwa. Wa pili hakutoa hongera. Alisema tu, “Kumbe sheria ni ya watoto wa wenzako,” akaondoka bila kununua kitu. Kisha akaja mtu wa tatu akamwonyesha picha. Suleiman aliitazama, akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba.

Twaiba aliporudi kutoka shule alizikuta nyuso nne barazani: baba yake, mama yake, Shangazi Ummi na Mzee Chome, mzee wa nyumba kumi. Siku nzima alikuwa amevuta mikono ya sare ifunike vidole, lakini sasa hapakuwa na pa kuyaficha maua. Akawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Wakamwitikia, ila baba yake aliitikia bila kumtazama, na jambo hilo lilimchoma.

Mzee Chome alieleza bila ukali. Uvumi umeenea kwamba Suleiman anamwoza binti yake Ijumaa. Watu wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yeye hakuamini, lakini kazi yake haimruhusu kunyamaza. Kesho kabla ya saa sita lazima ampelekee chifu maelezo. Jambo hili likifika huko bila kueleweka, Suleiman huenda akatolewa katika bodi, na maneno yote aliyoyasema kwenye mkutano yageuke kichekesho.

“Mwanangu,” alisema Suleiman, “ni nani aliyekwambia ujipambe hivi?”

Twaiba aliona mlango mmoja tu uliokuwa wazi, ule aliokwisha kuupita Jumamosi.

“Mwalimu, baba.”

“Hata mimi aliniambia ni mwalimu,” alisema Shangazi Ummi.

Mzee Chome alitikisa kichwa. Basi neno limekuwa zito zaidi, alisema. Mwalimu anayewavisha watoto mapambo ya arusi na kusambaza picha zao atajibu kwa wakubwa wake, na huyu ni mgeni hapa, wa kumtetea ni wachache. Wakakubaliana kwenda shuleni asubuhi wote pamoja. Jioni hiyo Twaiba alishindwa kula. Uongo alioutuma kwa shangazi ili upate hina ulikuwa umeota miguu, na sasa ulikuwa unakwenda kumfukuzisha kazi mtu ambaye hakumkosea lolote.

Kesho yake baba yake alitembea akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, ili aende sambamba naye. Mara tatu Twaiba alifungua kinywa, mara tatu akakifunga. Nilitamani kukuambia kwamba alisema kweli pale njiani, lakini hakusema. Aibu nayo ni mzigo, na wapo wanaoubeba hadi mwisho wa safari.

Darasani, Mzee Chome alimweleza mwalimu yote, akamalizia kwamba mtoto anasema ni yeye aliyemwagiza. Mwalimu Caroline alishtuka. Alimtazama Twaiba, kisha akaitazama mikono yake. Hakubisha. Aliomba ruhusa jalada lile lionyeshwe ukutani kwa ile mashine ya picha ya shule, kama yalivyosomwa majalada mengine.

Picha ilijaa ukuta mzima. Mwalimu aliuliza jicho linaanzia wapi, na wanafunzi wakajibu kwamba linaanzia kwenye mikono. Vitu vilivyomo vinasema nini? Mikono ikainuka. Hina na piko hadi kiwikoni, biarusi. Mtandio wa nakshi za dhahabu, biarusi. Uso uliofunikwa, biarusi mwenye haya. Msichana mmoja wa nyuma alisema kwamba maandishi yale yanafanana na kadi ya mwaliko aliyoletewa mama yake wiki iliyopita. Hakuna aliyecheka. Twaiba alilitazama jalada lake kana kwamba limetengenezwa na mtu mwingine. Siku zote alizokuwa akisoma karatasi za mkate, hili hakuwa amelisoma hata mara moja.

“Na ni kitu gani kimeachwa nje?” aliuliza Mwalimu Caroline.

Twaiba akasimama.

“Daftari limeachwa nje,” alisema. “Na jina la wimbo. Na kweli nayo nimeiacha nje. Mwalimu hakuniagiza. Alitukataza kupiga picha kabla ya kumwonyesha mchoro, sisi tukapiga. Nilimdanganya shangazi ili anichore, na jana nikamdanganya baba. Mwalimu nimemsingizia. Nisamehe, mwalimu. Nisameheni nyote.”

Alilia, na hakujaribu kujizuia. Lennox alisimama bila kuitwa, akasema picha ni yeye aliyeisambaza, si Twaiba. Mwero naye akasimama, ingawa yeye hakuwa na kosa kubwa, kwa sababu kundi ni kundi.

Shangazi Ummi alikuwa wa kwanza kusema. Alimwomba mwalimu radhi kwa kutopiga simu kuuliza. Kazi ya hina ameifanya miaka ishirini, naye alijua fika mchoro ule ni wa nani. Mzee Chome aliandika maelezo yake pale pale juu ya dawati, akayasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: hakuna arusi, kuna kazi ya shule iliyofanywa kinyume cha agizo la mwalimu, na mtoto amekiri mbele ya watu. Kisha akavaa kofia yake akaenda kwa chifu.

Mwalimu Caroline alilisamehe kundi, lakini alama kumi za mchoro alizikata zote. Jalada jipya lazima liwe tayari kabla ya Ijumaa. Taabu ilikuwa moja: piko haliogopi sabuni. Twaiba alisugua kwa ndimu, akasugua kwa chumvi, maua yakabaki yakimtazama tu. Ni Mwero aliyesema kwamba kama mikono haifutiki, basi ipewe kazi.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa ukumbini, na wengine, tusidanganyane, walikuja kumwona biarusi. Ngoma ya Mwero ilipolia, jalada likatokea. Twaiba alikuwa ameketi darasani kwa sare yake, uso wazi. Mikono ile ile yenye maua ilikuwa imeshika kalamu juu ya daftari. Juu yake paliandikwa DAFTARI LANGU, na pembeni, kwa herufi ndogo: Hina na piko, fundi Ummi. Yule mteja aliyemsema vibaya Suleiman alikuwa mstari wa pili. Wimbo ulipokwisha aligeuka akampa mkono wa hongera, na hongera hii ilikuwa ya haki.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Twaiba alimwuliza baba yake kama bado amekasirika. Suleiman alisimamisha baiskeli.

“Nilikasirika, na hasira imepita. Lakini lishike hili, mwanangu. Picha ikishatoka mkononi mwako haitakuita uende kuieleza. Itasema kile ulichoiwekea. Neno nalo ni hivyo hivyo. Ulipomtaja mwalimu ulitaka hina tu, lakini neno halikujua kusimama pale. Kwa hiyo kabla hujatoa picha wala neno, itazame kwanza kwa jicho la mtu asiyekujua. Na ukiona umekosea, sema mapema, wakati bado ni kosa dogo.”

“Nimesikia, baba,” alisema Twaiba.

Akashika usukani wa baiskeli upande mmoja, baba yake upande wa pili, wakaisukuma pamoja. Watu walipita wakaitazama ile mikono yenye maua, na hakuna aliyeuliza arusi ni lini.