Nukta ya Mwenye Nyumba

Asubuhi ile Tong Huaiyi aliangusha vijiti vyake vya kulia. Kimoja kilitumbukia kwenye bakuli la uji, kingine kikaingia chini ya meza, na mkewe Xiuping akacheka.

"Leo nzi wa mlima huu wamepona," alimtania. Mumewe ndiye aliyewahi kumkata nzi hewani kwa upanga mbele ya wageni, bila kumwaga chai aliyoshika mkono wa pili.

Huaiyi hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufumba, kisha akauficha ndani ya joho. "Usingizi tu," alisema.

Kuangusha vijiti si ajabu. Lakini kesho yake aliviangusha tena, na Xiuping hakuona cha kucheka, maana krisanthemu uani, yale maua ya vuli, zilikuwa zimeanza kutoa matumba, na zikichanua tu Gou Baishan angepanda mlima. Huaiyi na Gou walikuwa wamekula kiapo mbele ya mafundi wote wa upanga wa bonde lile: wakutane krisanthemu zikichanua, na mmoja wao ashuke mlimani akiwa amebebwa. Kiapo cha namna hiyo hakivunjwi, hata kwa ugonjwa. Sasa mtu asiyeweza kushika vijiti, upanga ataushika vipi?

Nyumbani mle kulikuwa na mgeni. Aliitwa Ruan Lingxiu, na alifika wakati wa mvua za majira ya joto, pekupeku, amekumbatia kibao cha marehemu, ubao wa jina ambamo roho ya aliyekufa hukaa na kulishwa udi, kilichofungwa kitambaa cheupe. Alisimama nje ya kizingiti akalia. Kibao ni cha mama yake, alisema. Ukoo wao umekwisha, hana meza ya mababu ya kukiweka, na mama yake anatangatanga na njaa huko aliko. Xiuping alilia naye. Mimi simlaumu, jamani. Nani mwenye roho angemfukuza yatima na kibao cha mama yake mkononi?

Kibao kilikuwa kipya. Jina limefichwa ndani, nyuma ya ubao wa mbele, kama desturi, na herufi ya mwisho imeachwa pungufu, bado haijatiwa nukta. Lingxiu akaomba, macho chini, nukta itiwe na Kaka Tong, kwa kuwa ni mtu mwenye jina lake. Hilo nalo ni la kawaida, watu hupenda nukta itoke kwa mtu wa heshima. Huaiyi alijichoma kidole cha mkono wa kulia, akaweka tone la damu juu ya herufi. Bila nukta herufi ile husomeka "mfalme". Ikishatiwa nukta husomeka "mwenye nyumba". Xiuping akakipanga kibao mezani pamoja na vya wazee wa ukoo wa Tong, na kila asubuhi akakiwashia udi kama vingine.

Lingxiu hakuwa na vituko vya wanawake wa vilabuni. Alikuwa mpole mpaka unamwonea huruma. Alimmiminia Huaiyi chai, akamkanda mkono.

"Kaka Tong, umechoka. Mtu kama wewe wa nini kujitesa na mazoezi kila alfajiri? Gou akilisikia jina lako atageuzia njiani."

Halafu, kwa sauti ya chini, "Ila Dada hapendi nikukande. Sijui kwa nini. Wengine hupenda mume akiwa mgonjwa, anakaa nyumbani."

Xiuping alipolalamika, Lingxiu alipiga magoti mvuani, akaweka paji la uso kwenye tope, akaomba ruhusa aondoke na mama yake. Huaiyi aliwaka.

"Wivu umekupanda kichwani, Xiuping! Mtoto wa watu hana kwao!"

Wanafunzi wake wa upanga waliinamisha nyuso wakijikaza wasicheke. Mama Mwalimu ana wivu, walinong'onezana. Xiuping mwenyewe alianza kujiuliza kama si kweli, na aibu ile ilimnyamazisha.

Lakini masikio hayana wivu. Alikuwa akimwona Lingxiu uani, mchana kweupe, anakata maua, na wakati huohuo, kutoka chumba cha mababu, akasikia kitana kikipita kwenye nywele ndefu, taratibu. Akienda kuangalia, hakuna mtu, ila harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Harufu hiyohiyo aliikuta kwenye joho la mumewe. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa baridi hata akiwa karibu na jiko, na nyama yake imelegea kuanzia kiwiko.

Alimwita mtawa Ge, yule anayeuza hirizi na kunywa faida yote. Ge alibandika karatasi za njano kwenye mlango wa Lingxiu, akatema maji, akapiga kelele za kutosha. Kesho yake Lingxiu alimletea Xiuping karatasi zile mikononi.

"Dada, hizi zilianguka. Nimekukunjia vizuri."

Xiuping akazipokea na kusema ahsante.

Kisha akaugua homa. Siku hiyo alilala mpaka jua la mchana, wala hakuna aliyekumbuka udi. Alipofumbua macho, Lingxiu alikuwa amekaa mlangoni. Uso wake umebonyea, mashavu yameingia ndani, ilhali Xiuping alijua kuwa binti yule amekula mabakuli mawili ya wali, alisikia vijiti vikigonga.

"Dada, leo huamki?"

"Naumwa, mdogo wangu. Uji uko jikoni."

"Si uji." Alimeza mate. "Nina njaa, Dada. Hujaniwashia."

Xiuping alikaa kitako. "Umesemaje?"

Lingxiu alitabasamu polepole. "Hujamwashia mama. Ndivyo nilivyosema."

Loo! Xiuping alishuka mlimani na homa yake hivyohivyo, akiteleza kwenye mawe, mpaka kibandani kwa Ge. Alipomweleza, mtawa aliweka chini kikombe cha pombe.

"Nukta ilitiwa na nani?"

"Mume wangu. Kwa damu ya kidole chake."

"Cha mkono upi?"

"Wa kulia."

Ge alijipangusa uso. "Basi hirizi zangu msizisingizie. Mgeni hufukuzwa. Huyo mmemfanya mwenye nyumba, nyinyi wenyewe. Kibao ni chake, hakuna mama wala nini. Na wewe unamlisha kila asubuhi."

"Naacha leo!"

"Ukiacha atakula palipo na damu aliyoionja. Nukta ikwanguliwe, kwa upanga wa aliyeitia. Ila sikia, Mama Tong. Damu ile ni ya mkono ule. Ikitoka kibaoni, mkono unakwenda nayo. Hatashika upanga tena."

"Lakini ataishi?"

"Ataishi. Muulize kwanza."

"Nikimuuliza atakataa."

"Ndiyo maana nakwambia muulize."

Alipanda mlima akiwa amekusudia kuuliza, haki ya mungu wa jiko alikusudia, lakini alipofungua mlango alimkuta Huaiyi amelala chali mkekani, kichwa kwenye mapaja ya Lingxiu, macho wazi na hayaoni, na mkono wake wa kulia umeinuliwa, kidole kiko ndani ya mdomo wa yule mwanamke, naye ananyonya kwa utulivu, mashavu yakijaa na kurudisha rangi kila akimeza, na midomo ya Huaiyi ikizidi kuwa nyeupe kwa kadiri hiyohiyo, na kutoka chumba cha mababu kitana kinapita kwenye nywele, kinapita, kinapita. Xiuping aliuchomoa upanga ukutani ukamlemea, akaukokota hadi chumba cha mababu, akakivuta kibao kifuani.

Lingxiu alikuwa tayari amesimama mlangoni. Hakukimbia, wala hakukasirika.

"Dada yangu," alisema kwa huruma, "ukikwangua hiyo, atakuchukia maisha yake yote. Niache nimalize, atakufa akikupenda. Amenieleza mwenyewe anavyokupenda. Chagua basi."

Xiuping akaweka ncha ya upanga juu ya herufi, akakwangua. Nukta haikubanduka kama wino mkavu. Ilitoka ikiwa mbichi, ikamchuruzika vidoleni kwa joto, na kule mkekani Huaiyi akapiga ukelele ambao wanafunzi waliusikia uwanjani. Mlangoni palibaki maji ya tope na nywele chache.

Kibao alikichoma jikoni siku hiyohiyo.

Krisanthemu zilichanua. Gou Baishan alipanda mlima na upanga wake, akamkuta adui yake amekaa kibarazani, mkono wa kulia umenyauka hadi begani. Gou aliuangalia kwa muda mrefu.

"Mimi sipigani na mtu wa namna hii," alisema, akainama kwa heshima, akashuka peke yake.

Xiuping alilia kwa furaha nyuma ya mlango. Mume wake hai! Akajipangusa, akachukua bakuli la uji, akaketi kumlisha. Huaiyi alipokea kijiko cha kwanza, akameza, macho yake yakiwa kwenye njia ya lango.

"Xiuping."

"Naam, mume wangu." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile.

"Majivu yake uliyatupa wapi?"

Alichota kijiko kingine, akaupuliza uji upoe, akakisogeza mdomoni kwake. Huaiyi anamuuliza kila siku, na Xiuping hajamjibu mpaka leo.