Kiraka Chini ya Cherehani

Enzi za cherehani za miguu, karakana yetu ya ushonaji ilikuwa na sauti ambayo mpaka leo naisikia. Makanyagio yanapanda na kushuka, mkasi unakata, mtu anapuliza makaa ya pasi. Tulikuwa mafundi wachache katika chumba kimoja kirefu. Babu yenu alishona suruali. Mimi nilipiga pindo kwa mkono. Dirishani alikaa Mama Vifungo. Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukukosa vifungo. Ukimsalimia asubuhi, alikujibu kwa kichwa tu.

Babu yenu alikuwa na mbwa, jina lake Kiraka. Alikuwa mweupe, na doa jeusi jichoni, utadhani limeshonewa. Tukimwacha nyumbani peke yake, alilia mchana kutwa. Majirani wakachoka, wakatuambia tumnyamazishe au tumwondoe. Babu yenu akamwomba bosi amruhusu kumleta kazini. Bosi alipenda mbwa, akakubali papo hapo. Wengine hawakuulizwa.

Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu. Kiraka alilala juu ya rundo la mabaki ya vitambaa. Kila fundi alimrushia chakula. Joto likizidi, alijisogeza chini ya cherehani, karibu na kanyagio, maana lilimpepea. Babu yenu alijigamba kwamba hata mbwa wake anajifunza ufundi.

Mama Vifungo hakucheka. Aliomba aache cherehani, awe anashona vifungo kwa mkono. Akawa anakaa na miguu juu ya kiti, kama mtu ambaye maji yameingia nyumbani mwake. Mafundi wakamtania kwamba uzee umeanzia miguuni.

Kisha ikaja kazi ya sare za shule. Bosi akataka kila mtu arudi kwenye cherehani. Mama Vifungo akachungulia chini, hakuona mbwa, akaanza kushona. Jua lilipokuwa kali, Kiraka akajipenyeza pale taratibu. Kanyagio likambana sikio. Akalia, akageuka, akamng'ata Mama Vifungo kwenye kifundo cha mguu.

Damu ilikuwa kidogo. Babu yenu akafanya kile mafundi walichozoea sindano ikiwachoma kidole. Akadondosha mafuta ya cherehani kwenye kidonda, akakifunga kwa kipande cha kitambaa kipya, akakaza. Akampa pole, akamwambia kesho atacheza dansi.

Hapo akaingia daktari wa mifugo, mwanamke kijana aliyekuja kuchukua koti alilotuletea tushone. Aliuliza kuna nini, akaelezwa.

"Mbwa huyu amechanjwa kichaa cha mbwa?"

Babu yenu akasema Kiraka ni mzima, anakula vizuri, wala hana kichaa.

"Sikuuliza kama ni mzima, baba. Nimeuliza kama amechanjwa."

Hakuwa amechanjwa.

Daktari akapiga magoti, akakifungua kile kitambaa. Akampeleka Mama Vifungo kwenye bomba la nje. Akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Huku anaosha, huku anatueleza bila kupandisha sauti. Kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mkwaruzo mdogo tu unatosha kuingiza ugonjwa huo mwilini. Mafuta hayasaidii, na kidonda kisikazwe. Kioshwe kwanza, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo akachomwe chanjo, na arudi kila tarehe atakayopewa. Asingoje kuumwa, maana dalili zikianza, kupona ni kama hakuna.

Fundi mmoja alishachukua rula ya mti ili ammalize Kiraka. Daktari akamzuia. Afungwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima, achanjwe, na chanjo irudiwe kwa tarehe atakazopangiwa.

Babu yenu alisimama pale bombani, kofia mkononi, akakumbuka ile miguu iliyokaa juu ya kiti. Akamuuliza Mama Vifungo kwa nini hakusema kuwa anaogopa mbwa.

"Niling'atwa nikiwa mtoto, kaka fundi. Na nani aliniuliza? Mlimuuliza bosi. Bosi hakai kwenye cherehani."

Babu yenu akavaa kofia yake. Alimpeleka hospitali mwenyewe, na kila tarehe ya sindano alimsindikiza. Usiku aliniuliza, je, yule mama akifa?

Mama Vifungo akamaliza chanjo zake, akawa mzima. Kiraka naye akachanjwa. Daktari akarudi kutufundisha. Mbwa asiletwe kazini mpaka kila mtu aulizwe, hata anayefagia, hata asiyependa kusema. Anayeogopa asichekwe. Mbwa awe na mahali pake, mbali na mashine. Alishwe na mwenyewe tu. Asiguswe akila wala akilala. Na mteja aambiwe mlangoni kwamba ndani kuna mbwa.

Basi babu yenu akamuuliza Mama Vifungo mbele ya wote. Yule mama akatoa vifungo mdomoni kimoja kimoja, bila haraka.

"Abaki. Lakini nyuma ya meza ya kukatia, na kamba shingoni. Akivuka meza, mimi navuka barabara narudi kwetu."

Kiraka hakuvuka. Tuliishi hivyo kwa amani muda mrefu.

Kisha akaajiriwa fundi mpya wa mashati. Kabla hajaonyeshwa cherehani yake, babu yenu alimuuliza anaelewana vipi na mbwa. Yule fundi akasema kwa aibu kwamba akiwa na mbwa chumba kimoja, mikono inamtetemeka. Mafundi wakatazamana. Babu yenu hakunung'unika. Akafungua kamba, akampeleka Kiraka kwa dada yangu mjane, aliyekuwa akishinda peke yake nyumbani, na ambaye alipoulizwa alikubali kumwangalia mchana.

Jioni tulipokwenda kumchukua, Kiraka alikuwa amelala kizingitini, kimya. Dada yangu akatusogezea viti, akasema tusiwe na haraka, chai bado haijachemka.