Mgeni Aliyeomba Kazi

Mwezi wa Septemba kila asubuhi kwetu ilianza na ukungu. Ulishuka kutoka milimani ukafunika shamba la mizabibu, ukafunika banda la kuku, na siku nyingine ukamfunika hata Bibi Darejani, nikawa nasikia sauti yake tu.

"Tekle! Wee Tekle! Maji!"

Niliamka polepole, ndoto bado ziko machoni, nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Nikirudi nilifagia ua, nikalisha kuku, nikambebea Bibi kuni za tanuri la mkate. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hizo nilizichukia zote, siwafichi. Mama yangu alikuwa ameondoka tangu Machi kwenda Italia kutunza wazee wa watu. Nyumbani tulibaki mimi, Bibi na Mjomba Zaza. Halafu akaja Rugile.

Rugile alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Lithuania, mrefu, mwembamba. Alikuja kujitolea kwa miezi sita, akafikia nyumbani kwetu. Kazi yake ilikuwa kuipaka rangi maktaba ya kijiji na kutusomea vitabu sisi watoto. Lakini kila siku tuliambiwa rangi itakuja kesho, na mwenye ufunguo wa maktaba alikuwa amekwenda harusini Batumi, mji wa pwani, akanogewa huko huko.

"Hana mume, hana mshahara, katoka kwao kuja kulala kwetu," alisema Mjomba Zaza. "Huko kwao kakosana na nani?"

"Koma! Huyu ni mgeni," Bibi akamkatiza.

Na kwetu likishasemwa neno hilo, mazungumzo yamekwisha. Mgeni huwekewa kiti karibu na jiko, hupewa kipande cha kwanza cha mkate wa jibini, na kijiko hashiki ila cha kulia.

Bibi hakujua Kiingereza, na Rugile hakujua lugha yetu. Aliyejua zote mbili ni mimi, kwa Kiingereza changu cha darasani. Kila neno lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipita mdomoni mwangu, nami nilijiona mtu mkubwa kweli kweli.

Siku ya tatu Rugile aliniambia, "Tekle, mwombe Bibi anipe kazi. Kazi yoyote ile."

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

Uani palikuwa na rundo la vikapu vya kuoshwa kabla ya mavuno. Na kule mbali, juu ya ukungu, ngome ya kale ilikuwa imeelea peke yake, jua limeigusa kidogo. Niliitazama ngome, nikavitazama vikapu.

"Anasema mkate ni mtamu," nilijibu. "Anauliza kama naweza kumpeleka ngomeni."

"Nenda naye basi, mwanangu. Mgeni asikae na hamu."

Nikamgeukia Rugile. "Bibi anasema kazi hakuna, tukatembee."

Siku ile vikapu vyote aliviosha Bibi.

Tulilala chali kwenye nyasi za ngomeni, mawingu yanapita karibu nasi, kengele za kondoo zinalia mahali tusipopaona. Rugile alinisuka nywele, kama Mama alivyokuwa akinisuka. Nilitamani siku isiishe.

"Kwa nini ulikuja kwetu?" nilimuuliza.

"Nyumbani nilikuwa nakaa ofisini natazama dirisha," alisema. "Nikawa naota kwamba mahali fulani kuna watu wananihitaji. Mama yangu alinicheka. Alisema, viazi tu hujui kumenya, utamsaidia nani?"

"Na sasa?"

"Sasa nakula jibini." Alicheka, lakini hakucheka sana.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Rugile aliomba kazi, na kila asubuhi mimi niligeuza maneno. Leo anataka kuona mto, kesho anaumwa kichwa, keshokutwa anataka nimfundishe herufi zetu. Mimi na yeye tulikwenda zetu, na Bibi alibaki ameinama shambani huku mkono ameushika kiunoni.

Wiki ya pili nilimsikia Bibi akinung'unika huku akikanda unga. "Mgeni ni mgeni. Lakini jamani, hata mara moja asiseme, Bibi, nikusaidie? Mara ya kwanza ningekataa, na ya pili ningekataa. Ya tatu ningempa kisu na viazi, tukawa watu wa nyumba moja."

Nilichukua ndoo nikatoka nje, ingawa maji yalikuwa bado yamejaa. 

Mambo yaliharibika zaidi kwenye mitungi. Divai yetu huwekwa katika mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni, na kila mwaka kabla ya mavuno mtu huingia ndani kuisugua. Miaka yote alikuwa Mjomba Zaza. Mwaka huu aliingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, tumbo likagoma mdomoni mwa mtungi.

"Mtungi umesinyaa!" alilalamika.

"Mtungi!" alisema Bibi. "Na suruali zako nazo zimesinyaa?"

Tulicheka, lakini Bibi hakucheka. Watoto hawaruhusiwi kushuka mle, kwa sababu ya hewa mbaya inayoweza kubaki ndani. Mavuno yalikuwa Jumatatu, na zabibu hazingekuwa na mahali pa kuwekwa.

Alhamisi nilimkuta Rugile akikunja nguo zake.

"Jumamosi narudi kwetu," alisema. "Nilikuja kusaidia, na sasa Bibi yako ananifulia hata shuka. Nimeomba kila siku. Hataki niguse kitu chochote cha kwake, na namwelewa."

 Niliketi nikamsaidia kukunja.

Ijumaa mchana Bibi aliandaa chakula cha kumuaga. Alichinja kuku na kuandaa biringani za lozi, akatoa bilauri za sikukuu. Mjomba alisimama akamwombea mgeni safari njema. Kisha Rugile akasimama naye, macho mekundu.

"Tekle, mwambie Bibi anisamehe kwa kuwa sikufaa kitu. Mwambie, niliomba kazi kila asubuhi kwa sababu nilitaka kuwa mtu wa hapa, si mgeni."

"Anasemaje?" aliuliza Bibi.

 Ningeweza kusema anashukuru kwa chakula, na mambo yangeisha pale. Kesho yake angepanda basi, na maisha yake yote angesema kwamba huku kwetu hakutakiwa.

"Bibi," nilisema, na machozi yakanishinda. "Anasema kila asubuhi alikuomba kazi. Ni kweli. Alikuomba tangu siku ya tatu. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nilitaka tukatembee ili nisifanye kazi."

Mjomba aliweka bilauri mezani. Bibi alinigeukia.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, Bibi."

"Sasa mwambie na yeye. Neno kwa neno."

Nikamwambia. Rugile alifunika uso kwa mikono miwili, na sikujua kama analia au anacheka. Bibi aliinuka bila kunigombeza. Alikwenda chumbani, akarudi na aproni yake ya zamani na kitambaa cha kichwa, akamfunga Rugile mwenyewe. Kisha akampima mabega kwa mikono yake.

"Zaza," aliita, "huyu si anapita mdomoni mwa mtungi?"

Jumamosi basi liliondoka bila Rugile. Mjomba alishusha kwanza mshumaa, akaona hauzimiki, ndipo akamfunga Rugile kamba kiunoni. Kwetu anayesugua mtungi lazima aimbe, ili walio juu wajue yu mzima. Akinyamaza, anavutwa. Rugile aliimba nyimbo za kwao tangu asubuhi hadi mchana. Ilikuwa kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa ikiimba chini ya miguu yetu. Bibi alilala kifudifudi pembeni ya mdomo wa mtungi, hajui hata neno moja, akawa anaitikia.

Mimi nilibeba maji. Ndoo arobaini na moja, na hakuna aliyenionea huruma.

Nilipokaa kupumzika, Bibi alikuja kukaa karibu nami.

"Uvivu wa kazi nimeusamehe," alisema. "Hata mimi nilikuwa mvivu nikiwa mdogo. Lakini mtu aliye ugenini hana kitu ila maneno yake, na hayo alikukabidhi wewe. Mama yako naye yuko kwa watu, Tekle. Kule naye anasemewa na mtu. Ukipewa maneno ya mtu, yafikishe kama ulivyopewa."

 Niliinuka nikachukua ndoo.

Jioni Mama alipiga simu. Aliuliza habari za mavuno, nami nikamkatiza.

"Mama, huko Italia nani anakusemea kwa watu?"

"Kuna binti wa jirani, Ornela. Anajua Kirusi cha mama yake, nami nakijua kidogo. Mtoto tu, rika lako. Kwa nini?"

"Mwambie asante," nilisema. "Mwambie neno kwa neno."